Ubuyu wangu umezuiwa Unguja, nianzie wapi?

Assalaam aleikum Shangazi,

Mie ni mama wa watoto wanne, nakaa Wete, Pemba. Kazi yangu kupika ubuyu. Nilianza na sufuria moja, mume wangu alipoumia mgongo akaacha kubeba mizigo bandarini. Nikawa nauza kwa watoto wa skuli na kwenye duka la jirani. Sasa huu mwaka wa sita. Nisijisifu, lakini ubuyu wangu watu wanaupenda. Si sukari tupu, una pilipili inayokuja nyuma nyuma na hiliki naitwanga mwenyewe. Wageni wakija kutoka Unguja hawavuki kurudi bila ya kuchukua.

Mwaka huu dada mmoja mwenye duka la zawadi huko Unguja alichukua pakti 20, hazikumaliza wiki. Akaagiza 200. Shangazi, tangu nizaliwe sijapika ubuyu mwingi vile. Tulikesha siku tatu: mie, mama mkwe, wifi yangu na binti wa jirani. Nikaupakia kwenye boti, nikamshukuru Mungu. Siku ya tisa napigiwa simu. Wakaguzi wa chakula wamepita dukani, pakti zote wamezishusha. Wamemuuliza yule dada: nani katengeneza, wapi, lini, kasajiliwa? Na hii rangi ni rangi gani? Masikini hakuwa na jawabu hata moja, maana ndani ya pakti nilitia kikaratasi tu kimeandikwa "UBUYU MTAMU WA PEMBA" na namba yangu ya simu. Yeye kapewa onyo, mzigo umezuiwa, na mtaji wangu wote umo humo.

Tangu siku ile kila mtu ana lake. Mmoja ananambia nende TBS. Mwengine anasema si TBS, ni ZBS. Wa tatu anasema hao wote siyo, ni ZFDA. Wa nne ndiyo kanivunja moyo kabisa, anasema bila ya kujenga kiwanda chenye vigae mpaka juu sipewi kitu. Shemeji yangu anamjua mtu mjini ambaye kwa 150,000 atanitolea karatasi zote bila ya mie kuondoka Wete, na juu yake alama ya ubora ya kubandika kwenye pakti. Mama mkwe hataki hata kusikia. Anasema ubuyu huu kauona kwa bibi yake, unapikwa kwa bismillahi, na hajapata kufa mtu.

Sasa niseme kweli, maana hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Jiko letu ni la uani. Ubuyu tunauanika kwenye masinia barazani, juu tunafunika chandarua cha zamani. Pakti nazifunga kwa moto wa mshumaa. Na rangi, zamani nikinunua ya kopo. Ilipopanda bei, mama mkwe akanionesha duka linalouza rangi ya unga, wanakufungia kwenye kikaratasi. Inakolea hiyo! Kijiko kimoja kinatosha sufuria zima. Baada ya ile simu nilirudi dukani nikamuuliza muuzaji, hii khasa ni rangi ya nini? Akacheka. "Wengine wanatilia ukili wa mikeka, wengine wanatilia ubuyu."

Shangazi, silali. Watoto wangu wameula. Ndani nina ndoo mbili bado. Wifi anasema niwauzie watoto wa skuli kwa bei ya kutupa, angalau nirudishe chochote. Nifanye nini, na nianzie wapi?

Muuza ubuyu, Wete

---

Wa aleikum salaam mwanangu,

Barua yako ina ofisi nyingi na watu wengi, lakini kila nikiisoma macho yananirudi kwenye kile kikaratasi cha rangi. Basi tuanze hapo, ofisi zitatungoja.

Wewe ni mtu wa Pemba, umewaona wanawake wakitia rangi ukili. Unajua sufuria ile inakaa wapi: peke yake, nyuma ya nyumba, na hakuna anayeithubutu hata kwa kuchemshia maji ya kuoga. Rangi ile imetengenezwa ing'ang'anie ukili. Mkeka ukanyagwe, uanikwe juani, ufutwe kwa kitambaa kibichi miaka na miaka, na nyekundu ibaki nyekundu. Aliyeitengeneza hakufikiria tumbo la mtoto. Hakuipima kwa ajili ya kuliwa, na rangi za namna hiyo zinaweza kuwa na uchafu wa kiwandani, hata madini kama risasi. Wala usijaribu kuijua kwa kuonja au kwa kuitazama kwenye maji. Kwa macho na kwa ulimi rangi ya mkeka na rangi ya chakula ni ndugu. Zinatofautishwa na maabara, au na kopo lililoandikwa.

Watoto wako, kama hakuna anayeumwa, usiwatoe usiku huu kuwakimbiza hospitali. Ubaya wa rangi hizi aghalabu uko katika kuzila tena na tena. Wasile tena, basi. Akitokea mwenye kutapika, kuharisha au kutoka vipele, mpeleke kituo cha afya na kile kikaratasi ukichukue, daktari akione.

Rangi ya chakula inanunuliwa kwenye kopo au chupa iliyofungwa, ina jina la mtengenezaji, imeandikwa kuwa ni ya chakula, ina tarehe, na ina namba. Nyekundu utazikuta kama E129 au E124. Soma na kiasi cha kutia. Hata rangi iliyoruhusiwa ina kikomo chake, na kikomo hicho kinapimwa kwa mizani. "Mpaka ikolee" si kipimo. Usinunue ya kupimiwa hata kama muuzaji ni mjomba wako.

Au uiache rangi kabisa. Nakwambia hili nikijua utanikasirikia, kwa sababu sote tumelelewa kwamba ubuyu usiotia vidole wekundu si ubuyu. Jaribu sufuria moja dogo kwa choya. Chemsha maua yake, chuja, na maji hayo ndiyo upikie sukari. Choya hushika wekundu wake penye uchachu, na hakuna kitu kichachu kama ubuyu. Hutapata ule wekundu wa kupiga kelele, utapata wekundu uliotulia. Na mwenye duka la zawadi anauzia watu ambao, kabla ya kununua, wanageuza pakti kusoma imetiwa nini.

Sasa zile ofisi. Waliokutajia hawakukudanganya, wamechanganya tu. TBS ni Shirika la Viwango la Tanzania, na kwa chakula mamlaka yake yako Bara. Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula kule ulitolewa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ukapelekwa TBS, ndiyo maana mtu akiwa na ndugu Tanga au Dar es Salaam jina hilo halimtoki mdomoni. Siku ukiuza ng'ambo ile litakuhusu. Hapa kwetu, chakula kina Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ndiyo ZFDA. Msingi wake ni Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi Na. 2 ya 2006, iliyorekebishwa mwaka 2017. Hao ndio wanaotazama pahala unapopikia, watu wanaopika na chakula chenyewe, na Pemba pia wana ofisi. ZBS ni Taasisi ya Viwango Zanzibar, iko kwa Sheria ya Viwango Na. 1 ya 2011. Inaweka viwango, inapima, na inatoa alama ya ubora kwa bidhaa iliyofikia kiwango. Kwa mtu wa hali yako mlango wa kwanza ni ZFDA. Ya ZBS itafuata ukishasimama, na maduka makubwa yatakuuliza.

Jina la biashara linasajiliwa BPRA, ule wakala wa usajili wa biashara, leseni ni Baraza la Mji, na kodi ni ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Hayo si magumu, ni ya kupanga foleni. Chukua kitambulisho chako na barua ya sheha, usisahau kubeba maji ya kunywa.

Lakini sikiliza mpango wangu, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Nenda ofisini kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Waambie: mie napika ubuyu nyumbani, nataka kusajili, nionesheni masharti, na nakuombeni mje mnitazamie pahala nilipo. Namjua bibi mmoja wa Unguja aliyesikia maneno ya vigae kama uliyoyasikia wewe. Akakopa, akajenga chumba cha achari kinang'aa kama sebule ya harusi. Mkaguzi alipokuja alisimama mlangoni tu, akageuka kutazama nyuma yake. Mlango wa chumba unatazamana na mlango wa choo, hatua nne. Ikabidi uzibwe, utobolewe mwengine upande wa pili. Angeliuliza kwanza angelichorewa pale pale juu ya karatasi.

Kiwanda hudaiwi. Unachodaiwa ni chumba cha kazi hiyo peke yake, kisilalwe, kisiwekwe baskeli wala dumu la mafuta ya taa. Kiwe na sakafu na ukuta unaoweza kuoshwa, dari isiyodondosha vumbi, wavu madirishani, pa kunawia mikono penye maji yanayotiririka na sabuni, na choo kiwe mbali. Kama mfereji haufiki, ndoo yenye koki si aibu. Mama zetu waliipaka kuta chokaa kila Ramadhani ikikaribia. Wewe paka rangi ya mafuta inayofutika, umalize.

Mwanangu, bahati yako ni hiki unachokipika. Ungeniandikia habari ya urojo, ile chatini ya nazi inayochacha kabla ya magharibi, au juisi ya kuuza kwenye jua, ningekuwa na maneno mengine. Ubuyu ni mkavu na mchachu, na sukari yake umeichemsha. Vijidudu vingi havipendi kuishi humo. Ukishaepua sufuria, uchafu utakaoingia ni ule mliouleta nyinyi wenyewe.

Nakuuliza, yule binti wa jirani anakifunguaje kifuko cha nailoni? Usinijibu, najua. Analamba kidole, akishindwa anakipuliza. Mara 200. Na mkono ule ule ndio uliomsukuma kuku kwenye sinia. Baraza lako, chandarua kisichojulikana kimefunika nini mwaka jana, nzi aliyetoka dampo, hivyo ndivyo vinavyotafutwa na bwana afya akija. Anikeni ndani, kwenye meza, chini ya wavu wa chuma au kitambaa kinachofuliwa kwa kazi hiyo tu. Vifuko vifunguliwe kwa mkono mkavu uliooshwa, na ubuyu uchotwe kwa kijiko. Glavu zinafaa kama zinabadilishwa. Glavu moja tangu asubuhi mpaka jioni, iliyoshika simu na pesa, ni chafu kuliko mkono ulionawa.

Mshumaa uache. Pakti iliyofungwa kwa mshumaa ina masizi na ina vitundu usivyoviona, na masika ya Pemba hayahitaji kitundu kikubwa. Unyevu ukiingia ubuyu unanata, halafu unavunda, halafu unaota ukungu. Na ukiutia kwenye kifuko ungali na joto unatokwa jasho ndani, hata mashine haikusaidii. Uache upoe kabisa, hata kama boti inaondoka. Boti ipo kesho.

Kikaratasi nacho kitoe ndani. Wino hauliwi. Kibandike nje, na kiseme mambo. Chako kingeweza kusomeka hivi: "Ubuyu wa pilipili na hiliki. Viambato: ubuyu, sukari, maji, pilipili, chumvi, hiliki, rangi ya chakula E129. Uzito halisi gramu 100. Umetengenezwa na," jina la biashara yako, "Wete, Pemba," simu. Halafu tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa kutumika, namba ya toleo, na "hifadhi pahala pakavu." Gramu 100 ziwe gramu 100 za mizani, kikombe cha chai si mizani. Mwisho wa kutumika usiukisie. Weka pakti chache kabatini, uzifungue kila baada ya wiki mbili, uandike unavyoziona, na ofisini waulize kuhusu kupima. Ukikuta imeanza kunata wiki ya kumi, usimwandikie mteja miezi sita.

Namba ya toleo watu wanaiona mapambo. Hebu fikiria ile simu. Pakti 200 zimetoka sufuria ngapi? Gunia lilikuwa moja au mawili, limetoka Tanga au limetoka shamba la nani? Zile 20 za mwanzo zilitiwa rangi ile ile? Ungelikuwa na daftari la senti chache, kila sufuria na tarehe yake, gunia lake, kopo lake la rangi na aliyepika, ungeliweza kusema toleo la 7 lina kasoro, la 6 halina. Sasa huna jawabu, kwa hiyo zote zina kasoro.

Na hapo ndipo ninapomjibu mama mkwe, kwa heshima zote, maana ni mkubwa wangu pengine. Bibi yake alipika ubuyu, naamini. Alimuuzia mtoto wa fulani bin fulani, mtoto akiumwa tumbo asubuhi mama yake anavuka njia anakuja kuuliza. Bibi mwenyewe ndiye alikuwa kikaratasi. Na naapa hakutia rangi ya ukili. Wewe umepeleka ubuyu kwa watu wasiokujua, baada ya siku tisa, ng'ambo ya bahari. Dukani kule hukuwepo. Pakti ndiyo iliyotakiwa ikusemee, ikawa bubu.

Kuhusu "hajapata kufa mtu", muulize anakumbuka nini cha mwaka 1978. Kipindupindu cha mwaka ule kilianzia Tumbe, si mbali na hapo mlipo, na watu walizikwa. Au aliye mdogo akumbuke 2016, skuli zilipofungwa na vyakula vya barabarani vikapigwa marufuku. Mie nilikuwa na meza yangu ya bajia na kachori wakati ule. Nilinuna wiki nzima, nikasema wametuonea, chakula changu kisafi. Mpaka jirani yangu mmoja akaniuliza maji ya kuoshea sahani nayachota wapi. Nilikuwa nachota kisimani, ndoo moja, sahani 40. Sikuwa na la kumjibu. Bismillahi tunaisema, na aliyetufundisha kuisema katuambia tule kilicho halali na kizuri. Cha pili hicho ndicho tunachokiruka.

Usigombane naye lakini. Mkwe akishindwa mbele ya watoto hatakusamehe. Mfanye mkuu wa jiko. Mpe kazi ya kuonja kila sufuria kwa kijiko kinachooshwa, na aweke kidole gumba kwenye daftari kuwa kairidhia. Utaona atakavyokuwa mkali kwa wengine. Na nyote wanne mtatakiwa kupimwa afya, kwa sababu homa ya matumbo mtu huweza kuibeba na asiumwe. Cheti hicho kina muda wake, kikiisha mnarudi. Nendeni pamoja siku moja, mkitoka mnywe chai mjini. Na anayeharisha asiingie jikoni siku hiyo, hata kama ana cheti.

Shemeji yako sasa. Huyo mtu wake tunamwita kishoka. Atachukua 150,000, pengine atakuletea karatasi yenye muhuri. Siku mkaguzi akiitafuta namba ile kwenye daftari la ofisi haipo, na aliyeandikwa jina ni wewe, kishoka hana jina. Hiyo alama ya ubora ni mbaya zaidi. Kuibandika bila ya kupewa ni kosa kisheria, umetoka kwenye kutojua umeingia kwenye kughushi. Pesa hizo hizo nunua mizani na mashine ndogo ya kubania mifuko. Ada za halali utatajiwa dirishani, ulipe kwa namba ya malipo, upewe risiti. Asiyekupa risiti usimpe pesa, hata akivaa kitambulisho shingoni. Na ukikwama kwa mafunzo au vifaa, waulizie SMIDA, ule wakala wa viwanda vidogo, kazi yao ndiyo hiyo.

Umesema mzigo umezuiwa. Najua unatamani nikwambie namna ya kuutoa. Sitakwambia. Mpigie yule dada leo, umweleze rangi ilitoka wapi, na umwambie kama zile 20 za mwanzo zilikuwa na rangi hiyo hiyo. Halafu wapigie wakaguzi, au uende ofisi yao ya Pemba, uwaambie hivyo hivyo kwa mdomo wako, na wataje duka wanalouza unga ule kwa kupima. Usikae ukaogopa. Mkaguzi amezoea watu wanaoapa kuwa rangi ni ya chakula. Anayekuja mwenyewe kusema "nimekosea, nifundisheni" humsahau vigumu. Ubuyu wataamua kuuharibu, uukubali, uombe karatasi ya kuonesha umeharibiwa. Huko mbele, unapoomba usajili, karatasi hiyo itakuonesha ni mtu wa namna gani.

Mtaji umekwenda, nakuonea uchungu wa kweli. Anza tena na sufuria moja, kwa duka la jirani, hao hao wanaokujua, huku karatasi zikienda. Na mwambie dada wa Unguja asikuagizie 200 mara ya kwanza. Ulizidiwa na ile kazi. Siku tatu bila ya kulala hakuna mtu anayenawa mikono.

Hizo ndoo mbili usimuuzie mtoto wa skuli kwa bei yoyote, wala usimpe bure, wala usimpe wifi akaumalizie mtaa wa pili. Chimba shimo nyuma ya nyumba, mbali na kisima. Mwaga, changanya na mchanga na majivu ili watoto wasije wakafukua, ufukie. Kuku wafungie siku hiyo. Kile kikaratasi cha rangi kiweke kwenye bahasha, ukipeleke ofisini wakakipime.

Shangazi